Mgongo wa Kitabu Kikubwa

Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyesifiwa kwa kusoma kama Mama Gundi, na hapakuwa na sifa iliyomkosesha raha kama hiyo. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, akishona vitabu vilivyofumuka na kuvivika majalada mapya. Watu walimwona anaingia humo asubuhi na kutoka jioni, vidole vimekaukiwa na gundi, wakajumlisha wenyewe kwamba mwanamke yule lazima amesoma kila kitu. Harusini aliketishwa na walimu. Msibani aliombwa aandike wasifu wa marehemu. Hata kwenye foleni ya maji hakukosekana mtu wa kumvuta kando na kumwambia, "Mama, wewe uliyesoma, hebu nishauri."

Naye alishauri, tena vizuri tu. Ila ushauri wenyewe aliuchota kwenye vijitabu vya mapenzi na upelelezi, vile vya karatasi nyepesi vyenye picha ya mwanamke analia na mwanamume mwenye kofia amesimama gizani nyuma yake. Hivyo ndivyo alivyosoma. Vitabu vya wanafalsafa na washairi wakubwa alivijua kwa migongo. Alijua kipi kimeshonwa kwa uzi mbovu, kipi wadudu wanakipenda, kipi kimepigwa herufi za dhahabu ya uongo. Kilichoandikwa ndani aliwaachia wenyewe. Akiwa kijana alijaribu kimoja, usingizi ukamchukua hadi gundi ikakauka kwenye brashi.

Mtu akimuuliza kuhusu Kitabu Kikubwa, alikuwa na jibu lake. Anatikisa kichwa taratibu, anavuta pumzi, anasema, "Kile kina mambo." Jibu hilo halikuwahi kumwangusha.

Kitabu Kikubwa ndicho kilichokuwa fahari ya maktaba ile. Kilikuwa kinene kama tofali, kimeandikwa na mtu wa zamani sana, na kilikaa peke yake kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkutubi mkuu. Mkutubi mkuu huyo ndiye watu waliyemwita Bwana Nyamaza, kwa sababu neno hilo alilitamka kuliko jina lake mwenyewe. Inasemekana siku ya harusi ya binti yake alisimama kutoa nasaha, akasubiri ukumbi unyamaze kwanza, na ukumbi ulipochelewa kunyamaza akaketi. Mgeni akiingia ofisini kwake alioneshwa lile kabati. "Hiki," Bwana Nyamaza angesema, akikigusa kioo kwa kidole kimoja, "nimekisoma mara tatu." Mgeni angekitazama kile kitabu, kisha angemtazama yeye, na heshima ingepanda papo hapo.

Sasa Mama Gundi alikuwa bibi aliyestaafu, anakaa na mjukuu wake wa kike, mwalimu. Jumamosi moja mjukuu alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini na kusema kama mtu asemaye habari ya mvua:

"Bibi, yule mkutubi wenu wa zamani anahama. Binti yake amekuja kumchukua. Nasikia vitabu vyake vyote vinakwenda kwa wanunuzi wa karatasi chakavu."

Mama Gundi alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikamtoka mkononi.

"Vyote?"

"Vyote. Kwa binti yake hakuna nafasi, na mzee mwenyewe haoni tena. Bibi, mbona umebadilika hivyo? Ni vitunguu?"

"Ni vitunguu," akasema Mama Gundi, na akaondoka kwenda kukaa kitandani kwake, mlango kaurudishia.

Ili mtu aelewe kilichomkata maini, inabidi arudi naye kwenye kile chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba chembamba, chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Palikuwa na meza iliyojaa makovu ya visu, kibanio cha mbao chenye mikono miwili ya kuzungusha, na jiko dogo la kupikia gundi ya unga wa ngano. Asubuhi gundi ile ilinukia uji. Wafanyakazi wa mapokezi walikuja mmoja mmoja kupasha mikono na kuteta kidogo, hadi sauti ya Bwana Nyamaza iliposikika ukumbini nao wakatawanyika. Mama Gundi alikipenda chumba kile hata leo akisikia harufu ya uji anageuza shingo.

Sasa mgongo wa kitabu, kabla ya kuvikwa kitambaa, hubandikwa karatasi ili ukakamae. Karatasi safi hazikutolewa kwa kazi hiyo, ilitumika takataka. Na takataka ya maktaba ile ilikuwa inajulikana. Bwana Nyamaza alikuwa ameweka sheria kwamba kijitabu chochote cha mapenzi au cha upelelezi, kilichosahauliwa na msomaji au kuletwa kama zawadi, kisithubutu kukanyaga rafu. Kiingie kapuni, na kapu liende kwa Mama Gundi akakichane. "Angalau uchafu usaidie elimu," alisema.

Kwa hiyo migongo ya vitabu vyote vya heshima katika maktaba ile ilikuwa imejaa mabusu, bastola na machozi, chini ya kitambaa, na aliyejua ni mmoja. Mama Gundi hakuchana ukurasa ambao hajausoma. Macho yalitangulia, mikono ikafuata. Kapu lilikuja limejaa kila mara, tena vijitabu vipya vipya, pembe za kurasa zimekunjwa na mtu aliyekuwa akiweka alama alipoishia. Alishangaa jinsi watu wa mji ule walivyo wasahaulifu wa vitu vizuri. Hakuuliza, maana mtu haulizi bahati yake inatoka wapi.

Nyumbani alikuwa na mume, dereva wa lori. Mtu wa vicheko, ambaye hakuwahi kumaliza hata gazeti. Kifua kilipomshika akaacha kuendesha, kisha akaacha kutembea, kisha akawa mtu wa kitandani karibu na dirisha, anahesabu magari kwa mlio wa injini. Alikohoa, kisha alisema, "Hilo linakwenda kupasuka gia." Alikuwa hawezi kuanza sentensi bila kukohoa kwanza. Mkewe alikuwa chumba cha pili na bado alijua kwamba sasa anataka kusema kitu.

Jioni moja, kwa kukosa la kumfariji, Mama Gundi alifungua mkoba akatoa kijitabu kilichokuwa kapuni siku ile. Kiliitwa *Pacha wa Reli*. Akaanza kumsomea, akitegemea atacheka wazungumze mengine. Hakucheka. Kilikuwa kisa cha msichana wa kituo cha simu na dereva wa gari moshi. Walipendana kwenye waya kabla hawajaonana, yeye akiunganisha simu za stesheni, dereva akipiga kuuliza habari za njia hata pale njia isipokuwa na habari. Kisha akatokea pacha wa dereva, mtu mbaya, sura moja na nduguye, hata kovu la kidevuni moja.

Mume alikohoa, akasema, "Huyo pacha akimwoa, nitashuka hapa kitandani."

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Jioni wanasoma, asubuhi Mama Gundi anarudi na kijitabu kazini, anachana zile kurasa walizokwisha kusoma na kuzitumia, na jioni anakirudisha nyumbani kilichobaki. Kijitabu kikawa kinakonda kuanzia mbele. Mume alikuwa na hamu hata akaacha kuulizia dawa. Mlango ukilia tu, alikohoa na kuuliza, "Wamefikia wapi?"

Walifika stesheni, kwenye mvua. Ndugu wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja anaapa kwamba ndiye dereva wa kweli. Msichana wa simu ameinua mkono ili amshike mmoja wao. Hapo mume alichoka, akasema, "Weka. Mwisho tuusome kesho, nikiwa na nguvu."

Na kesho yake Bwana Nyamaza aliingia chumba cha nyuma mwenyewe, amekikumbatia Kitabu Kikubwa. Mgongo wake wa zamani ulikuwa umeachia, na wageni wakubwa walikuwa njiani. "Kitengeneze sasa hivi, Mama Gundi. Nasimama hapa hapa."

Akasimama hapo hapo kweli, mikono nyuma, pumzi yake ikigusa shingo ya fundi. Mama Gundi aliupaka mgongo gundi. Alihitaji karatasi, na karatasi ilikuwa chini ya meza, kwenye mkoba, ndani ya *Pacha wa Reli*. Angeinama aonekane anachagua? Alipeleka mkono bila kutazama, akapapasa, akachana ukurasa wa nje, akaubandika upesi. Ukurasa wa kijitabu ulienea kwenye mgongo ule mnene kama uliopimwa. Alipoulaza kwa kipande chake cha mfupa cha kusawazishia karatasi ndipo alipoona, juu ya karatasi, tangazo la sabuni. Tangazo lile lilikaa nyuma ya ukurasa wa mwisho. Kijitabu alikuwa amekishika kinyume, akachana mwisho wenyewe.

Maandishi yalikuwa upande wa ndani, yamekumbatiana na gundi, na mkuu wake amesimama juu yake. Angesema nini? Kwamba samahani, Mkuu, naomba nikibandue Kitabu Kikubwa, kuna msichana ameinua mkono? Akabandika tabaka jingine. Akavika kitambaa. Kilipokauka kikarudi kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye mfuko wa koti la Bwana Nyamaza.

Alipotoka kazini alipita kwenye kila kibanda cha magazeti alichokijua. *Pacha wa Reli* ilikuwa imekwisha. Akafika nyumbani amechelewa, mlango ukalia, na kikohozi kikamtangulia kumpokea.

"Alimshika nani?"

Mama Gundi alikaa ukingoni mwa kitanda. Akafungua kile kijitabu kilichobaki ganda, akakiinua mbele ya uso wake ili mume asione, akasoma mahali pasipo na neno. Alitunga. Yeye ambaye hakuwahi kutunga hata uongo wa kuchelewa kazini, alimtungia mumewe mwisho, na mumewe alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, "Rudia hapo mwisho." Akarudia. Jioni zilizofuata hakutaka hadithi nyingine, alitaka arudiwe hapo hapo. Hazikuwa jioni nyingi.

Mume alipozikwa, Mama Gundi aliporudi kazini kitu cha kwanza alichokiona ni kabati la kioo. Tangu hapo likawa deni moyoni. Mumewe aliondoka na mwisho wa kweli, au aliondoka na maneno ya kubuniwa na mke wake kwa woga wa mkubwa wa kazi? Pengine kwenye karatasi ile msichana alimshika pacha mbaya. Pengine alikufa. Watu wakubwa wana maswali ya maana zaidi ya hayo, na Mama Gundi alijua hivyo, ndiyo maana hakumwambia mtu. Lakini swali halikutoka. Bwana Nyamaza alipostaafu, wafanyakazi walichanga wakaomba apewe Kitabu Kikubwa kama zawadi, kwa jinsi alivyokipenda. Watu walipiga makofi, na Mama Gundi naye alipiga makofi huku akiona mwisho wa hadithi yake unatoka mlangoni kwapani mwa mtu.

Sasa kilikuwa kinakwenda kusagwa.

Jumapili asubuhi alipiga moyo konde. Alitia mkobani kisu chake kidogo, kile kipande cha mfupa na kitambaa laini, akaenda. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Aombe kitabu, akipeleke nyumbani, akifungue mgongo peke yake, akisome anachotaka kukisoma, alie kama ni kulia.

Binti wa Bwana Nyamaza, muuguzi, alimfungulia mlango akiwa na utepe wa kufungia maboksi mdomoni. Ukumbi mzima ulikuwa maboksi. "Shikamoo, mama. Pita, yuko chumbani kwake. Ukiweza mnyamazishe, tangu asubuhi ananifokea kwamba nafungasha kwa kelele."

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miwani imening'inia shingoni haina kazi. Rafu nyuma yake zilikuwa tupu. Kilichobaki kilikuwa kimoja, juu ya meza.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Ngoja, usiniambie. Sauti ya kuomba radhi kabla ya kosa. Mama Gundi!"

"Ndiye mimi."

"Kaa, kaa. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuaga. Na nimekuja kuomba kitabu." Akatazama mezani. "Kile Kikubwa."

Bwana Nyamaza aligeukia sauti yake. Midomo ilimcheza. "Miaka yote ile nilikuwa nakwambia, Mama Gundi, kisome. Unaniambia una kazi."

"Sasa sina kazi."

"Kichukue. Ni chako." Alinyoosha kidole kuelekea mezani. "Ila kabla hujaondoka, nisomee. Macho yamekwisha kuniaga. Nisomee popote, ukurasa mmoja tu."

Mama Gundi alikichukua. Kilikuwa kizito vile vile. Kitambaa kilikuwa chake, mishono ilikuwa yake. Akakifungua katikati, nacho hakikufunguka, naye hakushangaa. Vitabu vya zamani vilitoka kiwandani karatasi zake zikiwa zimekunjwa na kushikana ukingoni, na msomaji wa kwanza ndiye aliyezikata kwa kisu kadiri anavyoendelea. Kitabu Kikubwa kilikuwa kimekatwa kurasa chache za mwanzo. Zilizobaki, unene wote ule wa tofali, hakuna jicho lililowahi kuzifikia. Mama Gundi alilijua hilo tangu siku alipokitengeneza.

Angeweza kusoma zile za mwanzo, mzee asingejua. Lakini alikuwa amechoka kumsomea mtu kitu ambacho sicho.

"Popote pamefungwa, Mkuu."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Mama Gundi alidhani analia, kumbe anacheka.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku zote! Na wageni wote wale, nawaambia mara tatu!"

"Ningesema ili iweje?"

"Utangulizi nimeusoma mara tatu, hiyo ni haki yangu," alisema Bwana Nyamaza akijifuta macho. "Kila mara nikifika pale anapoeleza kwa nini ameandika utangulizi, nasinzia."

Mama Gundi alicheka, na alipokwisha kucheka akajikuta hawezi tena kutoka na uongo mkobani. "Na mimi sikuja kukisoma, Mkuu. Nimekuja na kisu." Akamweleza. Kapu, vijitabu, mume, kikohozi, mkono chini ya meza, tangazo la sabuni. Alieleza haraka haraka akitazama sakafu. Alingoja kusikia neno uchafu.

"Fungua mgongo," alisema mzee.

"Nitakiharibu."

"Kinakwenda kusagwa, na mimi sikioni. Fungua."

Akaomba maji ya moto. Alikata kitambaa ukingoni, akakikunjua, akaweka kitambaa laini chenye mvuke juu ya karatasi na kusubiri, kama alivyokuwa akisubiri zamani. Gundi ya ngano ina huruma, ikipata maji hukumbuka kwamba ilikuwa unga. Harufu ya uji ikajaa chumbani. Bwana Nyamaza aliinua pua. "Chumba cha nyuma," alisema polepole. Kwa mfupa wake Mama Gundi aliinua tabaka la juu, kisha la pili, na sabuni ikatokea, imefifia. Aliibandua taratibu, pembe kwa pembe, akaigeuza.

Herufi zilikuwepo. Alianza kusoma kwa sauti, maana hakuweza kusoma kimya.

"'Mvua ilizidi. Gari moshi lilipiga honi mara ya mwisho. Nyuso mbili, sura moja, zilimtazama. Msichana wa simu aliinua mkono, na moyo wake ukasema jina moja. Polepole aliushusha mkono ule. Je, ulimwangukia nani?'" Chini palikuwa na mstari mmoja tu, wa herufi nene. Aliutazama, asiweze kuutamka.

"'Usikose kitabu cha pili,'" alisema Bwana Nyamaza, ameyafumba macho, "'kitakachokuwa mikononi mwenu hivi karibuni.'"

Mama Gundi aliinua kichwa.

"Umejuaje?"

"Nilikinunua mimi. Vyote vile vya kapuni nilivinunua mimi, Mama Gundi. Ulidhani watu wa mji huu wanasahau vitabu kiasi kile? Nilikuwa nakwenda kibanda cha ng'ambo ya soko, wasikonijua, nimevaa kofia. Nikimaliza kusoma, kuvitunza siwezi, mkutubi mkuu na vijitabu vya mabusu! Kuvichoma siwezi. Nikaviweka kapuni. Nilijiambia angalau vinakwenda kwa mtu." Alijikuna kidevu. "Sikujua kama unavisoma. Nilitumaini."

"Na siku ile?"

"Siku ile nililiona tangazo la sabuni. Nilijua ukurasa gani umebandika. Nikataka kusema. Ningesema nini? Ningesema nimejuaje sabuni inakaa wapi?"

Walitazamana, au tuseme mmoja alitazama na mwingine aligeuza uso upande wa sauti. Watu wazima wawili, walioishi ukuta kwa ukuta na kuoneana haya maisha mazima, kwa ajili ya kitu ambacho wangeweza kukicheka pamoja kila siku ya Mungu.

"Na kitabu cha pili?" akauliza Mama Gundi.

"Nilikitafuta hadi yule muuzaji akanipa jina. Bwana Sehemu ya Pili. Hakikutoka. Mwandishi alichoka, au mpiga chapa alifunga, sijui. Hakikutoka kamwe."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama Gundi aliiweka karatasi mapajani. Alikuwa amejiandaa kwa msichana aliyekufa na kwa pacha mbaya, hakuwa amejiandaa kwa patupu. Machozi yakamtoka, naye hakuyazuia. "Kwa hiyo nilimwambia kitu ambacho hakipo. Hakikuwepo popote."

"Ulimwambiaje?"

"Upuuzi tu, Mkuu."

"Mama Gundi," alisema mzee, na sasa sauti yake haikuwa ya mkutubi mkuu, ilikuwa ya mtu aliyezunguka vibanda akiwa amevaa kofia. "Msichana wangu amesimama kwenye mvua tangu siku zile. Mkono ameuinua. Alimshika nani?"

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia na utepe wake. "Baba, hili boksi la vyombo..."

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema Bwana Nyamaza, kidole kimeinuka. "Kuna hadithi."

Mama Gundi alifuta macho kwa ncha ya leso. Aliinua ile karatasi mbele ya uso wake, kama alivyoinua ganda la kijitabu siku ile, akasoma pasipo na neno.

"Msichana aliushusha mkono, akasema, sura zenu zimenishinda. Akafumba macho. Akasema, mimi nilimpenda mtu kwenye waya, sikumpenda kwa kidevu. Basi kila mmoja aniambie haloo kama ananipigia simu. Wa kwanza akasema haloo, tamu, ya redioni. Wa pili alifungua mdomo ili aseme, na haloo haikutoka. Alitangulia kukohoa. Alikuwa hawezi kuanza neno bila kukohoa kwanza. Msichana hakusubiri hata hiyo haloo. Akanyoosha mkono macho yakiwa yamefumbwa, akamshika aliyekohoa, akasema, huyu ndiye wangu, twende nyumbani umelowa."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, boksi mikononi, ameusahau uzito wake.

Bwana Nyamaza aliegemeza kichwa kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umetulia, umelegea, kama wa mtu aliyevuliwa viatu baada ya safari.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Mama Gundi akarudia.